Feni ya mama na betri: shajara ya mradi, Unguja, Januari hadi Machi 2025

Jumamosi, 11 Januari

Jana umeme ulikatika saa nne usiku, ukarudi alfajiri ikikaribia. Kaskazi imeshika na nyumba yetu iko katikati ya Ng'ambo, mjini Zanzibar, kuta za majirani pande tatu. Upepo wa bahari tunausikia tu ukipita juu ya mabati. Mama alilala ukumbini juu ya mkeka, mlango wa uani wazi, kipepeo cha ukili mkononi. Akipitiwa na usingizi mkono unasimama, na mkono ukisimama anaamka.

"Umenikumbusha mwaka wa kiza," alisema asubuhi, kana kwamba umeme nimeukata mimi. Watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa ni mwaka gani: Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipopotea na kisiwa kikakaa miezi mitatu bila. Nilikuwa skuli wakati ule. Nakumbuka kelele za majenereta vichochoroni na harufu ya petroli mpaka ndani ya mashuka.

Basi nimeamua. Feni ya chumba cha mama izunguke usiku mzima, muda wa saa kumi, bila umeme wa ukutani, bila jenereta, na bila mama kubonyeza chochote gizani. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, nalijua mapema.

Jumapili, 12 Januari

Kabla ya kununua kitu nimepima. Feni ya mama ni ile ya kusimama, inchi 16, kibandiko kinasema wati 55. Nimeazima kwa fundi wa mtaani kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Namba tatu inakula wati 52. Namba mbili, 44. Namba moja, 37.

Hapo pana jambo ambalo sikulitarajia. Namba moja upepo wake ni kama nusu tu ya ule wa namba tatu, lakini umeme umepungua chini ya theluthi. Fundi alinieleza: mota ya feni hizi haina akili ya kupunguza mwendo, inanyimwa nguvu tu, na sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto ndani ya mota yenyewe. Gusa kichwa cha feni ya kusimama baada ya saa mbili utaamini.

Wati 37 kwa muda wa saa kumi ni wati-saa 370, na hapo hujaweka hasara za njiani.

Jumanne, 14 Januari

Nimejaribu UPS ya kompyuta iliyokuwa stoo, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, yenye betri ya volti 12, ampea-saa 7. Kwa hesabu ya kibandiko, 12 mara 7, hiyo ni wati-saa 84. Feni ilizunguka dakika 19.

Na dakika 19 zenyewe zilikuwa za tabu. UPS ilipiga kelele yake ya "tiiit, tiiit" muda wote, na feni ikanguruma kwa sauti nzito kama inasaga karanga. Umeme unaotoka kwenye UPS za bei ndogo haupandi na kushuka kama wimbi, unaruka kwa vidato, na mota ya feni inavisikia vidato hivyo kama makonde. Kichwa chake kilipata moto haraka kuliko kawaida. Betri nayo imezeeka, na betri ya risasi ukiifyonza kwa kasi hivyo haikupi hata kilichoandikwa.

Shemeji alikuwapo. Akasema, "Chukua betri ya gari, yakhe, mambo yaishe." Nilikataa, na nieleze kwa nini, maana ushauri huu nausikia kila baraza. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiikausha usiku na kuijaza mchana, miezi michache tu imekufa. Tena ikichajiwa inatoa gesi ya hidrojeni, na mimi siweki gesi ya kulipuka chini ya kitanda cha mama yangu.

Jumapili, 19 Januari

Manunuzi. Betri ya lithiamu, aina ya LiFePO4, volti 12.8, ampea-saa 20: shilingi 210,000. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ya wimbi safi, ya wati 300: shilingi 95,000. Mfuko umekauka, lakini betri ni nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja, na haina maji wala gesi.

Wati-saa 256 kwenye karatasi. Sikuamini karatasi. Nilichukua taa ya mbele ya pikipiki, ya wati 35, nikaifunga kwenye betri pamoja na kipima ampea, nikakaa nayo uani tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi imepita. Ampea 3 takriban, kwa saa sita na dakika kumi, ndipo ikakata. Hiyo ni ampea-saa 18.5. Si 20, lakini sina ugomvi. Nimeshaona betri zimeandikwa 20 zikatoa 11.

Jumatatu, 20 Januari

Betri, inveta, feni ya mama namba moja. Feni imetulia kabisa, hakuna mngurumo, hiyo ndiyo faida ya wimbi safi. Ila upande wa betri nasoma ampea 4, karibu wati 50. Feni inakula 37, na 13 zilizobaki zinaliwa na inveta. Nikaizima feni nikaiacha inveta peke yake: bado inavuta ampea 0.6. Wati saba na nusu za kukaa bure! Kwa usiku mmoja inveta ingekula zaidi ya robo ya betri kabla feni haijageuza panga hata mara moja.

Ilikata baada ya saa nne na dakika arubaini. Nimetumia shilingi laki tatu kumpa mama usingizi wa mpaka saa tisa usiku.

Mpwa wangu alishauri ninunue betri ya pili kama hii, tena ya tatu. Huyo huyo wiki iliyopita aliniletea benki ya simu, ile betri ya mkononi ya kuchajia, "Mjomba, hii elfu ishirini!", akiwa na kifeni cha USB. Elfu ishirini hiyo ni miliampea-saa, yaani ampea-saa 20, za seli za volti 3.7, maana yake wati-saa 74. Kifeni chenyewe ukikiweka polepole kinazimika baada ya nusu dakika, kwa sababu benki inadhani simu imejaa. Tulicheka, ila kifeni kile kimenibakia kichwani. Kilikuwa kinazunguka kwa umeme kidogo hata benki haiuoni.

Jumapili, 26 Januari

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Betri inatoa umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Inveta inaugeuza kuwa AC, unaokwenda na kurudi kama wa ukutani, wa volti 230, na kula sehemu yake. Kisha mota ya feni inaupokea na kuchoma sehemu nyingine kuwa joto. Tunamlipa kuli wa kupakia na kuli wa kupakua, mzigo haujatoka bandarini.

Nimenunua feni ya sola: volti 12, inchi 12, mota isiyo na brashi, shilingi 48,000. Kibandiko kinasema wati 18. Kwa volti 12 kamili nimepima wati 15. Upepo wake wa juu unakaribia ule wa namba moja wa feni kubwa, si zaidi. Lakini kwa wati 15, bila inveta!

Inveta naiuza. Kama yuko anayeitaka, ina siku saba.

Jumapili, 2 Februari

Niandike hili lote bila kujificha. Nilikuwa nakaza nati kwenye kichwa chanya cha betri kwa spana ya chuma, spana ndefu kuliko inavyotakiwa. Mkono ukateleza, mkia wa spana ukagusa kichwa hasi. Mwako mweupe, "pa!", na harufu ya chuma kilichoungua. Spana ina shimo sasa, kama imetafunwa. Vidole vizima, alhamdulillahi.

Nikapima betri: sifuri. Nilikaa chini kwenye sakafu. Laki mbili na kumi.

Baada ya kama robo saa fundi akapokea simu, akauliza kwa utulivu wa kukera, "Umeichomeka kwenye chaji?" Sikuwa nimeichomeka. Nikachomeka, volti 13.2 zikarudi papo hapo. Ndani ya betri hizi mna saketi ya ulinzi. Ikihisi umeme mwingi unatoka kwa ghafla inafunga mlango, na nyingine hazifungui mpaka zione chaji. Kwa hiyo betri ya lithiamu ikisoma sifuri ghafla, usiitupe na usimlaumu muuzaji kabla ya kuijaribu kwa chaji.

Saketi ile iliniokoa mimi na betri, lakini waya wangu haukuwa na fyuzi hata moja. Waya unaotoka kwenye betri mpaka kwenye feni ungegusana wenyewe kwa wenyewe nyuma ya kabati, nani angejua? Sasa iko fyuzi ya ampea 5 kwenye waya chanya, upana wa kiganja kutoka kwenye betri. Si karibu na feni. Fyuzi inalinda waya, na waya ulio kabla ya fyuzi hauna wa kuulinda. Spana nimeizungushia mpira wa tairi la baiskeli, imebaki ncha tu.

Jumatano, 5 Februari

Mama ameonja feni mpya. "Hii ya wapi? Mbona upepo wake haufiki?"

Haufiki kwa sababu ya chandarua. Feni iko mita moja na nusu kutoka kitandani, na chandarua chake ni kile chenye matundu madogo sana. Nimefunga utepe wa mfuko wa plastiki kwenye kijiti nikauweka nje ya chandarua: unapepea. Ndani: unatikisika kidogo kama anayekataa kwa adabu. Feni kubwa ilikuwa na nguvu ya kupita kwa ubavu, hii haina.

Mpwa akasema tena: betri kubwa, feni kubwa. Nikamwambia asubiri.

Feni haipoozi chumba. Inaondoa ile hewa yenye unyevu iliyoganda juu ya ngozi ili jasho likauke, na jasho likikauka ndipo mwili unapopoa. Mtu anayeacha pangaboi linazunguka ukumbini hali wote wako jikoni anapooza viti. Kinachotakiwa ni upepo kugusa ngozi ya mama, na mama yuko ndani ya chandarua. Basi feni nayo iingie ndani.

Jumamosi, 8 Februari

Kitanda cha mama ni samadari, cha bibi yake, nguzo nne na fremu juu. Feni haifiki kilo moja na nusu. Nimeitoa kwenye mguu wake nikaining'iniza kwenye fremu, upande wa miguuni, ndani ya chandarua, kwa vibano viwili na kamba ya tahadhari endapo kibano kitaachia. Wavu wa feni nimeuzungushia kitambaa cha chandarua kizee upande wa nyuma, chandarua kikubwa kisije kikavutwa na panga.

Feni ya volti 230 nisingeithubutu kuiingiza kitandani. Volti 12 hazimrushi mtu, hata mkono ukiwa na jasho.

Upande wa miguuni ni amri ya mama. Upepo wa feni kifuani "unaleta kifua", amelijua hilo tangu mababu na mimi sina haja ya kulipinga. Miguu ikipoa, amesema, mwili wote unafuata.

Kwa umbali huu volti 12 zimekuwa nyingi mno. Shuka linapepea. Ameomba ipunguzwe.

Jumapili, 9 Februari

Kupunguza mwendo. Nilinunua kidhibiti kasi cha bei poa, kile kinachokatakata umeme mara maelfu kwa sekunde. Kinapunguza kweli, lakini feni ikaanza kulia: sauti nyembamba, ya juu, isiyokoma. Mama alijipiga makofi shingoni na masikioni mara tatu ndipo nilipoelewa. Alikuwa anaua mbu asiyekuwapo.

Mota isiyo na brashi ina saketi yake ndani, na saketi hiyo haipendi kulishwa umeme uliokatwakatwa. Nimekitoa. Badala yake nimeweka kipunguza volti, kibao kidogo cha saketi chenye skrubu, kinachoshusha volti zenyewe na kutoa umeme ulionyooka. Kimya.

Namba zake ndizo zilizonifurahisha kuliko kitu chochote katika mradi huu:

volti 12: wati 15
volti 9: wati 6.5
volti 7: wati 3.3

Linganisha na feni kubwa, iliyopunguza upepo nusu na umeme chini ya theluthi. Hapa kasi imeshuka hadi robo tatu na umeme umeshuka chini ya nusu. Ndiyo kanuni ya feni: nguvu inayotakiwa kusukuma hewa inafuata mchemraba wa kasi. Robo tatu mara robo tatu mara robo tatu ni kama asilimia 42. Mota hii inaitii kanuni hiyo kwa sababu haipotezi kingi njiani.

Mama amechagua volti 8.5. Hajui kuwa ni volti 8.5, alisema tu "hapo hapo, usiguse".

Tahadhari moja: chini ya volti 6 feni hii ikishasimama haianzi tena yenyewe, inatetemeka tu. Nimeiwekea kikomo cha 7.

Jumamosi, 15 Februari

Waya. Nilikuwa nimetumia waya mwembamba wa kengele, mita sita kutoka kabatini mpaka juu ya samadari. Mita sita kwenda na sita kurudi ni kumi na mbili, na feni ikiwa kwenye kasi ya juu nusu volti inapotea njiani. Nimeubadilisha kwa waya mnene zaidi, wa milimita 1.5 za mraba. Viungo vyote nimevipaka vaselini. Mji huu hewa yake ni chumvi. Shaba ukiiacha wazi miezi miwili inageuka kijani.

Jumapili, 23 Februari

Nimerudi kwenye sharti la mama kutobonyeza kitu.

Wazo la kwanza lilikuwa swichi ya kujigeuza: umeme upo, feni itumie wa ukutani, umeme hakuna, feni itumie wa betri. Nilichora, nikanunua rilei, swichi inayogeuzwa na umeme wenyewe, nikachoka. Kisha nikauliza kwa nini feni ijue kabisa kama umeme upo. Na iwe inakula betri siku zote, usiku na mchana, na chaji iwe imechomekwa muda wote inarudisha kinacholiwa. Umeme ukikatika, chaji inazimika na feni haina habari.

Ila chaji iliyokuja na betri inapandisha mpaka volti 14.6, na kuishikilia lithiamu hapo miezi na miezi kunaizeesha. Nimetumia pawasaplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa DC, ya kurekebishika: volti 13.8, kikomo ampea 5. Kwa volti hizo betri inajaa karibu yote na inakaa kwa raha. Betri iliyokaushwa inajaa kwa kama saa tano.

Pawasaplai imechomekwa kupitia kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika tatu umeme ukirudi. Umeme wa mtaani kwetu haurudi kwa hodi. Unarudi kwa teke, unaondoka, unarudi tena.

Betri iko kwenye kasha la mbao juu ya kabati, lenye matundu, mbali na dirisha na mbali na mpwa.

Jumatano, 5 Machi

Kusi bado mbali na kaskazi imelala. Tumo kwenye tanga mbili, majani ya mwembe wa jirani hayatikisiki, na Ramadhani imeshaingia. Hii ndiyo mitihani niliyoijengea.

Nimeizima pawasaplai kwa makusudi tangu jana asubuhi bila kumwambia mtu. Feni imezunguka mchana mbili na usiku mmoja, jumla saa 37, kwa volti 8.5, mpaka betri ikakata leo saa mbili usiku mama akiwa tarawehe. Betri ile ile iliyochoka kwa saa nne na dakika arubaini.

Jumatano, 12 Machi

Umeme ulikatika usiku, sijui saa ngapi. Nami nilikuwa usingizini, feni yangu ni ya ukutani, niliamshwa na jasho. Nikaenda mlangoni kwa mama nikasikiliza. Feni inazunguka, na yeye anakoroma.

Saa kumi kasoro aliamka kwa daku, akaenda jikoni, nikamsikia anabonyeza swichi ya taa. Tak. Tak. Tak tak.

"Umeme hamna?"

"Hamna, mama."

"Toka saa ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo gizani. Kisha akasema kama betri inaweza feni, inashindwaje taa ya jikoni, na mimi nimesomea nini.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Mama amejifunika shuka na ameagiza feni izimwe. Nimeishusha nikafungua wavu: vumbi limeganda kwenye ukingo wa panga kama sufi, na hilo nalo linapunguza upepo. Nimelifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nikakuta skrubu moja ya kibano imeanza kutu. Nimeibadilisha kwa ya chuma kisichoshika kutu.

Taa ya jikoni, ya LED volti 12, wati 3, nimeinunua. Waya nimepitisha mpaka mlangoni. Imebaki kutoboa ukuta, na ukuta wa nyumba hii ni wa mawe na chokaa, unamwagika kila ukiutia msumari. Shemeji amesema ana drili. Inveta bado haijapata mteja.